Baada ya Kifaa Kuwashwa

Habari za miradi ya afya huandikwa kwa hesabu za aina moja: wagonjwa wangapi wamefanyiwa upasuaji, fedha kiasi gani zimeokolewa, wangapi wangelazimika kwenda nje. Ndivyo ilivyoandikwa Juni 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kuwapandikiza watoto vifaa vya kusikia ndani ya sikio. Kabla ya hapo, mtoto wa Kitanzania aliyezaliwa kiziwi na akabahatika kupata rufaa alipelekwa India kwa fedha za Serikali, na mtoto mmoja aliyepelekwa India aligharimu zaidi ya mara mbili ya yule ambaye angetibiwa Muhimbili. Hesabu hiyo ni ya kweli na nchi ina haki ya kujivunia. Kasoro yake ni kwamba inaishia siku ya upasuaji.

Na siku ya upasuaji mtoto hasikii chochote. Kidonda huachwa kipone kwa wiki mbili hadi nne. Ndipo kifaa cha nje kinapowekwa nyuma ya sikio, sumaku yake ikanasana na sumaku iliyofukiwa chini ya ngozi, na mtaalamu wa usikivu akakiwasha kwa kompyuta. Kuanzia hapo kazi inamtoka daktari wa upasuaji na kuingia mikononi mwa ubongo wa mtoto, na ubongo haufuati mwaka wa fedha.

Inafaa kwanza kujua kifaa chenyewe kinafanya nini, maana sifa zake zimevuka uwezo wake. Ndani ya koklea, kile kijumba kilichojisokota ndani ya sikio, mtu mwenye kusikia ana seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme wa neva. Sauti nyembamba hupokewa mlangoni mwa koklea, nzito hupokewa ndani kabisa kwenye kilele. Seli hizo zikifa hazioti tena. Kipandikizi kinazipita: daktari anaingiza uzi mwembamba wenye elektrodi 12 hadi 22, kutegemea mtengenezaji, na kila elektrodi inaichokoza neva kwa umeme mahali pake. Kazi ya seli 15,000 inafanywa na vituo ishirini na viwili au pungufu.

Wanasayansi wengi waliamini jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1957 huko Paris, André Djourno na Charles Eyriès walimwekea mgonjwa kiziwi kifaa cha kwanza cha kuichokoza neva ya kusikia. Mgonjwa alisikia milio kama ya nyenje, akaweza kutambua maneno machache, kisha kifaa kikaharibika. Baadaye wawili hao wenyewe wakakosana kwa sababu Djourno hakutaka kiwanda chochote kikimiliki kifaa hicho. William House akaendelea Los Angeles kuanzia 1961, Ingeborg na Erwin Hochmair wakafuata Vienna mwaka 1977, Graeme Clark akapandikiza Melbourne mwaka 1978. Lakini maneno hayakusikika vizuri mpaka Blake Wilson wa Marekani na wenzake walipoonyesha, mwaka 1991, kwamba elektrodi zikipokezana, moja ikituma mdundo wake baada ya nyingine badala ya zote kwa mpigo, umeme hauchanganyikani. Clark, Ingeborg Hochmair na Wilson walitunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 2013.

Hata baada ya Wilson, kinachofika kwenye neva ni muhtasari mbovu wa sauti. Uzi haufiki mwisho wa koklea, hivyo sauti nzito zinatua mahali palipozoea sauti nyembamba. Mtu mzima aliyewahi kusikia, kisha akawa kiziwi, akapandikizwa, husema siku ya kwanza kwamba watu wote wanaongea kama roboti, au kama katuni. Baada ya miezi mitatu mkewe anaanza kuwa na sauti ya mkewe. Kifaa ni kilekile, na mipangilio yake huenda imeguswa kidogo tu. Ubongo ndio umejifunza kuusoma muhtasari ule, ukautafsiri kwa kumbukumbu ulizokuwa nazo. Wengi hupata sehemu kubwa ya mafanikio yao ndani ya miezi sita hadi mwaka.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana kumbukumbu hizo. Video za siku ya kuwasha huzunguka sana kwenye simu zetu: mtoto anashtuka, anatoa macho, mama anabubujikwa na machozi, watu wanaandika amina. Sizipendi sana. Zinamfanya mtazamaji aamini kwamba mtoto amesikia jina lake, wakati alichopata ni hisia ngeni kabisa ambayo hajui hata kama ni sauti. Wengine hulia kwa hofu. Wengine hawafanyi lolote, na mzazi aliyekwishaziona video hizo anarudi nyumbani akiamini kifaa hakifanyi kazi.

Kuhusu ubongo wa mtoto kama huyu, utafiti ninaoukumbuka kila mara ni wa Anu Sharma wa Chuo Kikuu cha Colorado. Njia yake haimuumizi mtoto: unabandika vihisio kichwani, unacheza silabi moja, unapima muda unaopita hadi ubongo utoe wimbi lake la kwanza la kuitikia. Kwa kichanga mwenye kusikia ni milisekunde 300 hivi. Akifika miaka mitatu muda umeshuka hadi 125, na kwa mtu mzima ni kama 60. Mwaka 2002 Sharma na wenzake walieleza walichokuta kwa watoto viziwi. Waliopandikizwa kabla ya kutimiza miaka mitatu na nusu, wimbi lao lilifika kwenye kiwango cha umri wao ndani ya miezi sita hadi minane baada ya kifaa kuwashwa. Waliopandikizwa baada ya miaka saba, wengi wao wimbi lilibaki nyuma hata miaka ilipopita. Waliokuwa katikati walikuwa mchanganyiko.

Sababu haiko sikioni. Shamba lisilolimwa, jirani husogeza mpaka: sehemu ya ubongo iliyoumbiwa sauti, ikikaa miaka bila kazi, huanza kutumiwa na macho na ngozi. Mwaka 2001 timu ya Seoul iliyoongozwa na Dong Soo Lee ilipima matumizi ya sukari kwenye ubongo wa watoto viziwi kabla ya upasuaji. Matokeo yao yaliwashangaza wengi. Watoto ambao eneo lao la kusikia lilikuwa limepoa ndio waliokuja kuelewa maneno vizuri zaidi. Wale ambao eneo hilo lilikuwa limechangamka walifanya vibaya, kwa kuwa uchangamfu ule ulikuwa wa mpangaji mwingine.

Sasa mradi unashuka kutoka kwenye karatasi. Mpango wowote wa aina hii huandikwa ukimfikiria mtoto wa mwaka mmoja au miwili, na Marekani iliruhusu upandikizaji kwa watoto wa miezi 12 tangu mwaka 2000, kisha wa miezi tisa mwaka 2020. Anayeingia mlangoni kwetu mara nyingi amekwishaupita umri huo kwa mbali. Familia haikuzembea. Uziwi hauonekani. Bibi anagonga sufuria nyuma ya mtoto, mtoto anageuka kwa sababu ameona kivuli au amehisi mtikisiko sakafuni, na nyumba nzima inapumua. Akifika miaka miwili bila neno wanasema hata baba yake alichelewa kusema. Akifika mitatu jirani anashauri akakatwe udata, kwamba ulimi umebanwa. Anakatwa. Miezi mingine inapita watu wakisubiri ulimi ufunguke, na ndani ya miezi hiyo mpaka wa shamba unasogea.

Huko kliniki ya mama na mtoto amepimwa uzito kila mwezi na kuchanjwa kwa wakati. Sikio lake ni nadra kuulizwa. Uingereza ilikamilisha mwaka 2006 mpango wa kupima kila mtoto anayezaliwa England, kwa kifaa kidogo kinachowekwa sikioni mtoto akiwa amelala, na jibu kutoka ndani ya dakika chache. Kama ningeulizwa shilingi ya kwanza ya mradi wa vipandikizi iende wapi, ningesema wodi za wazazi za hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala, kabla ya chumba cha upasuaji. Najua jibu la mipango: kupima bila kuwa na tiba ni kumpa mzazi huzuni ya bure. Lakini sasa tiba ipo, na kinachokosekana ni wa kutibiwa kwa wakati.

Kuna watoto ambao haraka yao ni kubwa zaidi. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuziba koklea kwa mfupa mpya ndani ya wiki au miezi michache, na uzi wa elektrodi ukakosa pa kupita. Hapa niseme jambo ambalo halihesabiwi kwenye mradi wowote wa usikivu: chanjo ya Hib, mojawapo ya vimelea vya homa hiyo, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2009, ya nimonia mwaka 2013, na ya surua na rubela mwaka 2014, nadhani zimeokoa masikio mengi kuliko vyumba vyote vya upasuaji vya ukanda huu, na hakuna aliyekata utepe.

Turudi kwa mtoto aliyefanikiwa kufika. Tuseme anatoka Bukoba. Kifaa hakiwashwi mara moja kikaachwa. Kila elektrodi inapaswa kupangiwa kiwango chake: umeme mdogo kabisa ambao mtoto anauhisi, na ule mkubwa ambao bado haumkeri. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema imezidi au imepungua, hivyo mtaalamu anabahatisha kwa uangalifu, anamtazama, anamwita tena wiki zijazo, na tena. Miezi ya kwanza inahitaji safari kadhaa, na Bukoba iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Bajeti ya hospitali ina fungu la kifaa, la dawa na la wataalamu. Nauli ya mama, siku anazolala kwa shemeji yake Mbagala, na kibanda chake cha mbogamboga kilichofungwa huko nyuma, havina fungu. Safari moja ikikosekana, mipangilio inabaki ya chini mno na mtoto hapati kitu, au ya juu mno na mtoto anakivua. Akikivua mara nyingi, kifaa kinaishia kabatini, ndani ya boksi lake zuri. Hakuna takwimu ya makabati.

Marekani iliidhinisha mwaka 2017, mwaka uleule wa Muhimbili, marekebisho ya aina moja ya kipandikizi kufanywa kwa mbali kupitia intaneti. Mtoto anakaa kwenye kituo cha karibu na msaidizi aliyefunzwa, mtaalamu yuko kilomita mia kadhaa akipandisha na kushusha viwango. Hospitali ya rufaa ya mkoa yenye chumba tulivu na mtandao wa uhakika ingeweza kufanya hivyo. Chumba tulivu ndicho kigumu kupatikana kuliko mtandao, kama umewahi kukaa kwenye korido za hospitali zetu.

Kisha kuna mafunzo ya kusikia na kusema, ambayo huchukua miaka. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Makerere ndicho kilichoanzisha shahada ya kwanza ya fani hiyo kwenye ukanda wetu, mwaka 2008, na wahitimu wake wametawanyika nchi kadhaa. Sehemu kubwa ya kazi kwa hiyo inamwangukia mama, na bibi, na dada wa kazi. Kila asubuhi mtu anapaswa kukipima kifaa kwa sauti sita alizozichagua Daniel Ling: m, u, a, i, sh, s, kuanzia nzito hadi nyembamba kabisa. Mtoto akiitikia zote sita, kifaa kinafikisha masafa yote ya maneno. Sauti hizo zote zimo kwenye Kiswahili, kwa hiyo bibi asiyejua kusoma anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko muuguzi mwenye haraka.

Lugha yetu ina unafuu wake kwa sikio la umeme. Irabu ni tano, silabi nyingi ziko wazi, na maana haitegemei kupanda na kushuka kwa sauti, jambo ambalo kipandikizi hulifikisha vibaya. Ndiyo maana wanaozungumza Kichina hupata taabu zaidi, na muziki huwasumbua watumiaji wengi. Lakini tumeficha mambo makubwa ndani ya vitu vidogo. Amekuita, amewaita, ameniita: nani kaitwa, jibu liko kwenye silabi fupi katikati ya neno ambayo hatuitilii mkazo. M ya mwanzo wa mtoto au mgeni ni mnong'ono wa puani tu. Mtoto anaweza kushika mzizi wa kila kitenzi na bado asijue nani kamfanyia nani nini. Vifaa vya mazoezi na vipimo vinavyotumika kwenye vituo vingi vimetungwa kwa Kiingereza, vikachunguza matatizo ya Kiingereza. Hii ni kazi ambayo haihitaji sumaku wala dola. Inahitaji mwanaisimu, mwalimu na mtaalamu wa usikivu wakae meza moja.

Miaka ikisonga, linakuja suala la vipuri. Jimbo la Kerala nchini India lilianzisha mwaka 2012 mpango uitwao Sruthitharangam, wa kuwapandikiza bure watoto wa hadi miaka mitano kutoka familia zisizo na uwezo. Waliouandika walikuwa na busara kuliko wengi, kwa sababu waliingiza pia miaka miwili ya mafunzo ya kusikia baada ya upasuaji. Hawakuangalia mbali vya kutosha kuhusu kifaa cha nje. Kile cha ndani kinaweza kudumu miongo, lakini cha nje kinavaliwa jasho, kinaangushwa, kinaingia maji, nyaya zinakatika, na baada ya miaka kadhaa kampuni inatoa toleo jipya na kuacha kutengeneza vipuri vya zamani. Watoto waliokwishaanza shule kwa kusikia wakanyamaziwa ghafla, na wazazi wakaambiwa bei ya kifaa kipya, ambayo ni fedha za miaka ya mfanyakazi wa kibarua. Walilalamika hadharani hadi serikali ya jimbo ikalazimika kutafuta utaratibu wa kuvibadilisha.

Yaliyotokea Kerala yatafika kwa kila nchi iliyoanza baadaye, na tarehe yake inaweza kukokotolewa. Hewa ya pwani, yenye chumvi na unyevu, haitaisogeza mbele. Hospitali ya Tygerberg, Afrika Kusini, imekuwa ikipandikiza tangu 1986, na kila kizazi cha wagonjwa wake kimekuwa na hesabu zake za betri, nyaya na matengenezo. Uzoefu huo uko bara letu hilihili na unaulizika.

Ila hata kila kitu kikienda sawa, watoto wawili wa umri mmoja, wenye kifaa kimoja na daktari mmoja, huachana. Mmoja anasema sentensi baada ya mwaka, mwingine bado anatafuta neno. Desemba 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, kwenye maabara ya Robert Froemke, walichapisha jibu moja lililotoka kwa panya. Waliwapandikiza panya viziwi vifaa vidogo vya koklea, wakawafundisha kuitikia sauti fulani ili wapate chakula. Baadhi walijifunza ndani ya siku tatu, wengine walifika hadi siku 16. Tofauti ilionekana kwenye kijieneo kidogo ndani ya shina la ubongo, ambacho wanaanatomia walikiita locus coeruleus kwa rangi yake ya samawati. Ndicho kinachomwaga noradrenalini, kemikali inayoushtua ubongo uwe macho. Kwa panya waliojifunza upesi, kijieneo hicho kilianza kuitikia sauti yenyewe mapema. Watafiti walipokichokoza moja kwa moja, panya wote walijifunza ndani ya siku tatu.

Panya si mtoto wa Bukoba. Hata hivyo matokeo hayo yanaungana na wanachosema walimu wenye uzoefu, kwamba mtoto hujifunza sauti yenye faida kwake. Sauti inayofuatiwa na uji, na kubebwa, na kicheko cha kaka. Mtoto aliyefungiwa chumbani na kifaa chake, akisubiri safari ijayo ya kliniki, ubongo wake hauna sababu ya kuamka.

Kwa muda mrefu wazazi waliambiwa kwamba mtoto akitumia ishara, macho yataliteka eneo la kusikia na kifaa kitapotea bure. Matokeo ya Seoul yalisomwa hivyo na wengi. Mwaka 2017 watafiti wa Nottingham, wakitumia mwanga unaopenya fuvu kwa kuwa sumaku ya kipandikizi haipatani na MRI, walikuta kwa watu wazima jambo tofauti: wale ambao eneo lao la kusikia lilizidi kuitikia midomo inayoonekana baada ya kupandikizwa ndio walioelewa maneno vizuri zaidi. Macho yalikuwa yanasaidia. Kwa mtazamo wangu, mtoto wa miaka mitano anayesubiri zamu yake anapaswa kuwa anajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania leo, kwenye darasa kama la Buguruni, ambako viziwi wamekuwa wakifundishwa tangu 1974. Lugha yoyote ni bora kuliko kusubiri. Kipandikizi kikija kitamkuta mtoto anayejua tayari kwamba vitu vina majina na kwamba watu wanaweza kuulizwa.

Atakuwepo pia yule aliyepandikizwa akiwa na miaka minane, ambaye anasikia honi ya bodaboda, anageuka akiitwa, na hatazungumza kwa ufasaha. Kuvuka barabara salama si jambo dogo, na wazazi wake wanalijua hilo. Lakini jedwali la mradi lina safu mbili tu, waliopandikizwa na wanaosubiri. Ameingizwa kwenye ya kwanza, na shule ya msingi anayopangiwa imeambiwa kwamba sasa anasikia.